Tuligawa Mibuni, Tukasahau Majani

Nina mwandiko mzuri. Silisemi kwa kujisifu. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka thelathini na minne, na mwalimu wa darasa la kwanza asiyejua kuumba herufi hafai hata kupiga kengele. Nilipostaafu, mwandiko ulibaki. Kwa hiyo hapa kwetu Kamachumu, mtu akitaka karatasi ya kuuziana kiwanja, barua ya posa au muhtasari wa kikao cha ukoo, anakuja kwa Mwalimu Benadetha na daftari lake. Wengine huniletea mkungu wa ndizi. Wengine hunishukuru kwa mdomo na kusahau hata kufunga lango.

Verdiana nimemwandikia karatasi mbili, na zote mbili zilimfunga. Ya tatu niliiandika mwaka jana, nayo ilikuwa ya mtu mwingine. Hii ninayoandika sasa hakuna aliyeniomba.

Verdiana ana miaka arobaini na saba. Ni mwembamba, ana mikono mikubwa, na akiongea na wewe hutazama kazi aliyoishika badala ya uso wako. Alizaliwa Kanazi, upande wa Bukoba vijijini, na alipofika miaka ishirini na mmoja akaolewa huku Muleba na Elieza Lwakatare, kwa ndoa ya kanisani, pete, keki na kwaya. Elieza alimweka kwenye kibanja cha baba yake: shamba la migomba na mibuni lililozunguka nyumba, na nyuma ya nyumba makaburi ya kina Lwakatare yamejipanga mpaka kwa babu wa babu. Kibanja cha namna hiyo hakiuzwi kwa mtu wa nje. Mwanamke huingia humo kwa ndoa kama muumini anavyoingia kanisani: anakaa, anaimba, anatoa sadaka, lakini funguo hapewi. Hilo Verdiana alilijua, na hakuna mwanamke wa huku asiyelijua.

Walijaliwa mtoto mmoja, Nancy. Verdiana alilima, alipalilia, alichuma kahawa, alibeba mchanga na maji wakati wa kufyatua matofali. Nyumba ya udongo ikabomolewa, ya matofali ikasimama, ikakosa bati. Hapo ndipo ilipokuja karatasi ya kwanza, miaka sita iliyopita, mwezi wa kumi, mibuni ikiwa imetoa maua.

Mgeni wa huku anahitaji kuelezwa butura. Butura ni kuuza kahawa ikiwa bado ua. Unapewa pesa leo, na msimu ukifika unatoa kahawa, kwa bei ile ya siku ya ua, hata kama sokoni imepanda mara tatu. Serikali imeipiga marufuku. Viongozi wanaikemea kwenye kila mkutano, na nawafahamu wawili waliouza ya kwao asubuhi ya mkutano wenyewe. Kwenye karatasi haiitwi butura. Inaitwa mkopo wa kirafiki.

Rafiki alikuwa Rugaibula, mnunuzi wa kahawa, mtu mpole kabisa, anayevua kofia hata mbele ya watoto. Alitoa pesa za mabati, ada ya Nancy ya chuo cha uuguzi, na chenji iliyobaki Elieza akaitolea malipo ya kwanza ya pikipiki. Malipo yalikuwa magunia kumi na manane ya kahawa ya maganda. Niliandika mimi, sebuleni kwao. Verdiana alileta kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, akampa mgeni kwa mikono miwili, akarudi jikoni. Elieza akamwita.

"Mama Nancy, njoo uweke jina lako."

"La nini?"

"Ni kawaida tu. Mke lazima awepo."

Nisieleweke vibaya. Verdiana hakudanganywa. Alijua butura ni nini, kwao Kanazi wanaijua vilevile. Hakuulizwa tu. Alifuta mikono kwenye kanga, akainama mezani, akanitazama mimi. Nami nikaweka kidole kwenye mstari nikamwambia, "Hapa." Aliandika jina lake polepole, kwa herufi nilizomfundisha mwenyewe kwenye masomo ya watu wazima. Nilijisikia vizuri kuona jinsi alivyoziumba.

Pikipiki haikuchukua muda kuijua njia ya Muleba mjini. Kule kulikuwa na binti aitwaye Dativa, muuza vocha, mwenye miaka ishirini na sita. Kwanza Elieza alikuwa anachelewa kurudi. Kisha akawa anarudi Jumapili tu, kama mgeni wa heshima. Kisha Dativa akajifungua mtoto wa kiume, na Elieza akatangaza kwa ndugu zake kwamba mtoto atalelewa nyumbani kwa babu zake na mama yake atakuja naye. Verdiana akamwambia, "Akiingia kwa mlango huu, mimi natokea huo mwingine." Watu walidhani ni maneno ya hasira. Wiki ileile alikwenda kwa mchungaji, kutoka kwa mchungaji akaenda baraza la kata, na baraza liliposhindwa kuwapatanisha likampa barua ya kwenda mahakamani. Alitembea na barua hiyo ndani ya mfuko wa sukari ili isilowe.

Kabla ya mahakama, ukoo uliomba wakae kwanza waelewane juu ya mali. Kikao kilifanyika sebuleni kwa mzee Rwekaza, baba mdogo wa Elieza, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo siku hizi. Tulikuwa watu saba, Rugaibula akiwa mmoja wao kwa sababu deni lilikuwa lake. Mimi nilikuwa na daftari.

Mzee Rwekaza alisema bila kuinua sauti. "Kibanja ni cha ukoo. Nyumba imesimama kwenye kibanja, kwa hiyo nayo ni ya ukoo. Ng'ombe ni wa Elieza, alirithi kwa mama yake. Pikipiki ni ya Elieza, ndiye anayeiendesha. Vyombo vya jikoni, godoro na cherehani ni vya mama Nancy, hatuwezi kumwonea. Limebaki deni, ambalo halijatolewa hata gunia moja. Deni ni la ndoa. Karatasi ina majina mawili, basi wagawane nusu kwa nusu. Mwalimu, umeandika?"

Nilikuwa nimeandika. Ndipo nilipoyasoma tena nikaona. Mali yote ilikuwa ya ukoo na ya Elieza, na deni peke yake ndilo lililokuwa la ndoa. Nilimtazama Elieza nikaona hata yeye ameona, maana alikuwa anakuna goti.

"Waitu, wazee wangu, naomba kusema," Verdiana alisema.

"Sema, mwanangu."

"Hilo deni halikuandikwa pesa. Mwalimu, wasomee."

Nikasoma: magunia kumi na manane ya kahawa ya maganda.

"Basi tisa ni yangu, nayakubali. Pesa tulikula, siwezi kusema hatukula. Nancy amesomea. Lakini nitayatoa kwenye mbuni upi? Kwetu Kanazi kibanja ni cha kaka yangu. Nikitoka hapa bila mbuni hata mmoja, Rugaibula akija kunidai kahawa niitoe wapi? Kwenye cherehani?"

Mtu mmoja alicheka, akajikohoza. Mzee Rwekaza akamgeukia Rugaibula.

"Wewe unasemaje? Utapokea pesa?"

"Baba, kahawa imeandikwa, kahawa ndiyo ninayotaka," Rugaibula alisema kwa upole wake. "Itoke kwa nani, hilo ni lenu."

Walikwenda kuteta nje, wakakaa muda wa kuvuta sigara mbili. Waliporudi walikuwa wamekubali. Verdiana angepewa nusu ya mibuni, miti mia na hamsini ya upande wa juu, aitunze na kuichuma yeye, alipe deni lake. Angekaa kwenye stoo ya karibu na jiko. Deni likiisha, mibuni inarudi kwa ukoo naye anaondoka. Mzee Rwekaza alitaka iandikwe "kwa misimu mitatu". Verdiana akakataa. Aliogopa misimu mitatu iishe, deni libaki, wamfukuze nalo kichwani. Akataka iandikwe "mpaka deni litakapoisha". Neno hilo alilidai mwenyewe, mara mbili, mpaka nikaliandika.

Hiyo ndiyo karatasi ya pili. Waliipeleka Mahakama ya Mwanzo pamoja na shauri la talaka. Hakimu aliisoma, akamwuliza Verdiana kama ameridhika na mgawanyo. Akajibu ndiyo. Akamwuliza tena, akimtazama sana. Akajibu ndiyo. Talaka ikatoka, makubaliano yakaingia kwenye kumbukumbu.

Miezi mingi baadaye alipita kwetu binti mmoja wa msaada wa kisheria, akaniambia kwamba hata kama ardhi ni ya ukoo, jasho la mke kwenye nyumba lina haki yake, angeweza kudai fidia ya matofali yale na mabati yale. Nikamwuliza, sasa je? Akaniuliza hukumu ni ya lini. Nilipomtajia tarehe, akafunga faili lake taratibu. Muda wa kukata rufaa ulikuwa umepita zamani, na Verdiana mwenyewe aliulizwa mara mbili akajibu ndiyo.

Lakini siku ile sisi hatukuyajua hayo. Tulipotoka kwa mzee Rwekaza nilikuwa na furaha kuliko yeye.

"Umewaweza," nilimwambia.

"Wamekubali upesi, Mwalimu," alisema. "Kuna kitu sijakiona."

Alikiona mwezi wa saba. Alikuwa amekwisha kufunga kila mbuni wake kipande cha ukambaa wa mgomba ili isichanganyike, na jua lilikuwa limeanza kukausha ardhi. Akachukua kisu, akaanza kukata majani makavu ya migomba ili ayatandaze chini ya mibuni yake, kama alivyofanya kila mwaka tangu aolewe. Elieza akatoka ndani na kikombe cha chai.

"Mama Nancy, hayo majani acha."

"Kwa nini?"

"Mlisema mibuni. Migomba haikugawiwa."

Alikuja kwangu akiwa na kisu kile bado mkononi. Nilifungua daftari, nikasoma ukurasa wote, nikageuza, nikasoma nyuma. Mibuni mia na hamsini. Upande wa juu. Mpaka deni litakapoisha. Hakuna jani. Hakuna samadi pia, kwa sababu ng'ombe alikuwa wa Elieza, na samadi inatoka kwa ng'ombe. Mtoto wa huku, kabla hajajua kusoma, anajua kwamba mbuni unakula kutoka kwa mgomba. Vimepandwa pamoja tangu enzi za babu zetu, kimoja kinampa mwenzake kivuli na majani na unyevu. Tulikuwa watu saba mle sebuleni, Wahaya watupu, tumezaliwa migombani, na tukaigawa mibuni kana kwamba imeota kwenye sakafu. Wanaume wale nadhani waliona wakanyamaza. Mimi sikuona, na mimi ndiye niliyeshika kalamu.

Nilimwendea mzee Rwekaza siku hiyohiyo. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti. "Mwalimu," akasema, "wewe ndiye uliyetufundisha kwamba kilichoandikwa kimeandikwa."

Kwa hiyo Verdiana alikuwa anakwenda rweya, kule kwenye mbuga ya nyasi juu ya kijiji, mwendo wa saa nzima, anakata nyasi anazibeba kichwani. Lakini rweya ya leo si ile ya zamani. Nusu imepandwa misonobari ya watu wenye vyeo, na iliyobaki inalishwa mpaka inang'aa. Mzigo mmoja wa nyasi unatosha mibuni minne, na yeye alikuwa na mia na hamsini. Upande wa chini mibuni ya Elieza ilijaa majani mpaka magotini. Ukisimama njiani uliona mpaka wa talaka ile kwa macho: chini kijani cha kung'aa, juu njano.

Msimu wa kwanza alipata magunia mawili. Wa pili moja na nusu. Wa tatu moja na nusu tena, na mwaka huo Elieza alimaliza magunia yake tisa, akachinja mbuzi. Bei ya kahawa nayo ikapanda, ikapanda tena, watu wakaanza kujenga. Nancy, ambaye alikuwa anajitolea kwenye zahanati bila mshahara, alituma ujumbe kwamba atakusanya pesa anunue kahawa mahali amlipie mama yake. Tukapiga hesabu. Gunia lililouzwa likiwa ua kwa bei ya jozi mbili za viatu sasa lilikuwa bei ya baiskeli mpya. Verdiana akamwambia mwanawe atulie ajinunulie sare.

Riziki yake ilitoka kwenye vibarua na kwenye cherehani. Stoo aliyolala ilikuwa imejengwa kuwekea kahawa, haina dirisha, na mlango wake unatazamana na mlango wa nyuma wa nyumba ile. Dativa alikuwa ameshahamia. Asubuhi wanawake hawa wawili walikuwa wanafungua milango kwa wakati mmoja, hatua kumi na mbili kati yao, mmoja akiwa na mtoto mgongoni, mwingine na jembe. Mwaka mzima hawakusalimiana. Kisha siku moja mtoto akapata degedege, Elieza akiwa safarini, na Verdiana ndiye aliyembeba mpaka hospitali akikimbia, Dativa nyuma yake bila viatu. Kutoka hapo wakawa wanasalimiana. Hawakuzidisha.

Nilimwuliza mara moja kwa nini asiondoke tu. Dada yake, Consolata, ana mgahawa Miembeni, mjini Bukoba, na nyumba Bilele. Tangu mwaka wa talaka alikuwa amemtengea chumba, kitanda kimetandikwa, shuka zinafuliwa kila mwezi ingawa hakuna anayezilalia.

"Naenda na nini, Mwalimu? Rugaibula anapajua Bilele. Ana karatasi yenye jina langu."

"Akushtaki basi. Tutasema ni butura. Imekatazwa."

Alikuwa anapogolea mbuni, akaendelea kukata. "Nikisema ni butura nitakuwa nimesema kweli. Lakini atauliza kama nilikula pesa yake, na hapo napo nitasema kweli. Nataka nitoke hapa hakuna mtu anayeweza kunisimamisha barabarani. Nimechoka kuwa mtu wa kusimamishwa."

Dawa ya deni ni kulipa, tunasema, na tunasema kwa urahisi kwa sababu kwa kawaida anayesema si mdaiwa. Nilikasirika naye. Niliona ni kiburi cha maskini. Lakini niliporudi nyumbani nilikumbuka nani alimwonyesha mahali pa kuandika, nikapunguza hasira.

Msimu wa nne, mwaka jana, alipata magunia mawili. Jumla saba. Yalibaki mawili. Consolata akapiga simu, akamwambia kwa upendo lakini bila kuzunguka: amengoja miaka minne, maisha ni magumu, chumba kinatafutwa na mwalimu wa sekondari mwenye kulipa kwa miezi sita. "Januari uwe umekuja, mdogo wangu. Usipokuja nampangisha." Verdiana alizima simu akakaa juu ya jiwe la kuanikia. Mibuni ilikuwa imeanza kutoa maua, ilinukia mpaka barabarani, harufu ambayo wageni huisifu.

Siku zilezile Elieza alikuwa anatafuta pesa tena. Pikipiki ilikuwa imezeeka na alitaka bajaji. Rugaibula alikuwa tayari kumpa, kwa misimu mitatu ijayo ya mibuni yote mia tatu, ile ya juu ikisharudi, lakini alitaka karatasi iwe na jina la mke, kama kawaida yake. Na hapo wakakwama. Dativa alisema hataandika jina lake mpaka amwulize Mama Nancy.

Rugaibula akaenda kwa Verdiana. Alimkuta stoo, akavua kofia. Verdiana mwenyewe ndiye aliyenisimulia maneno yake.

"Mama, tumesumbuana vya kutosha. Yule binti atakuuliza. Wewe mwambie ni karatasi ya kawaida, aandike. Sikwambii umdanganye, ni ya kawaida kweli. Akiandika tu, magunia yako mawili nayasamehe. Nachana karatasi yako mbele yako, siku hiyohiyo, unakwenda zako kwa dada yako."

Walikuja kwangu Alhamisi mchana, wote wanne. Karatasi nilikuwa nimekwisha kuiandika. Ndiyo, niliiandika, Elieza alikuja na daftari nikaandika, kwa sababu pensheni yangu unaijua, na kwa sababu mtu aliyezoea kuombwa hujisahau. Rugaibula aliweka mezani karatasi mbili. Ile mpya, na ile ya zamani iliyokunjwa mara nne, yenye jina la Verdiana kwa wino wa bluu uliofifia. Akaweka funguo za gari juu ya ile ya zamani, isipeperuke.

Nilitoa kahawa za kutafuna. Hakuna aliyechukua isipokuwa Elieza.

Dativa alishika kalamu, akaitazama karatasi, kisha akamgeukia Verdiana.

"Mama Nancy, wewe uliwahi kuandika jina lako. Niandike?"

Verdiana alikuwa anatazama zile funguo. Nilijua anachokiona, kwa sababu hata mimi nilikiona: kitanda cha Bilele, shuka safi, dirisha. Alikuwa anahitaji kusema neno moja tu, na neno lenyewe halikuwa hata uongo. Nakiri kwamba moyoni nilimwomba aseme ndiyo. Yule binti alikuwa amechukua nyumba yake. Ana umri wa kujitetea. Nenda, Verdiana, nilisema kimoyomoyo, nenda, umelipa vya kutosha.

"Muulize mumeo," Verdiana alisema hatimaye, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa anamtazama mtu usoni, "siku akikuacha, mibuni ipi ni yako."

"Kwani nani kasema namwacha?" Elieza alisema.

"Siku ile mimi naandika, hata mimi hukuwa umeniacha."

Elieza akachukua kahawa nyingine ya kutafuna.

"Na ukishamwuliza mibuni," Verdiana akaendelea, "muulize na majani."

Dativa aliweka kalamu chini. Hakuitupa, aliiweka sambamba na ukingo wa karatasi, kama mtoto aliyemaliza mtihani. Elieza alianza kufoka, mara kuhusu bajaji, mara kuhusu wanawake wanaoshirikiana kumwangusha. Rugaibula hakufoka. Aliondoa funguo, akaikunja karatasi ya zamani mara nne kwenye mikunjo yake ileile, akairudisha mfuko wa shati.

"Basi magunia mawili yako palepale, mama."

"Nimesikia," Verdiana alisema.

Walipoondoka nilimshika mkono pale mlangoni, nikamwambia yeye ni mjinga. Nilitumia neno hilo, mimi mwalimu wake. Nikamwambia mlango ulikuwa wazi na ameufunga kwa mikono yake, kwa ajili ya mtu ambaye asingemfanyia hivyo. Aliniacha nimalize. Akasema, "Mwalimu, nilitaka sana kusema ndiyo. Ulimi ulikuwa tayari." Kisha akaniomba simu yangu, yake haikuwa na salio. Akampigia Consolata, akamwambia ampangishe yule mwalimu wa sekondari. Consolata alilia, mpaka mimi niliyekaa mbali nikasikia. Verdiana hakulia. Alinirudishia simu akashukuru, akaenda kuwahi nyasi kabla mvua haijashuka.

Kesho yake asubuhi sikuweza kukaa nyumbani na maneno yale niliyomwambia. Nilitelemka kibanjani kwa kina Lwakatare kumwomba radhi. Kabla sijafika nilisikia sauti ya Elieza, amesimama mlangoni na shati halijafungwa vifungo, anapiga kelele kwamba majani ni ya ukoo.

Dativa alikuwa migombani. Mtoto alikuwa anamfuata nyuma. Alikuwa anavuta majani makavu ya migomba kutoka upande wa chini, mafungu kwa mafungu, anayapandisha juu na kuyatandaza chini ya mibuni iliyofungwa ukambaa.

"Nafagia uchafu," alimjibu mumewe bila kugeuka. "Wewe si ulisema hapa ni kwangu? Basi nafagia kwangu."

Verdiana alikuwa mstari wa tatu, anapalilia. Alisogeza tu jembe lake akaenda mstari wa nne, ili mwenzake apate nafasi ya kutandaza nyuma yake. Wakaendelea hivyo, mmoja mbele, mmoja nyuma, na Elieza akachoka kupiga kelele akaenda kunywa chai.

Sikuomba radhi siku ile. Nilirudi nyumbani, nikafungua lile daftari la zamani kwenye ukurasa wa kikao, na mwisho wa sentensi ya mibuni mia na hamsini nikaongeza maneno matatu: pamoja na majani. Niliyaandika kwa mwandiko wangu wote. Hayana nguvu yoyote, najua, hakuna hakimu atakayeyasoma.

Dativa anatandaza mpaka leo, siku ambazo Elieza yuko safarini na siku ambazo yupo. Mibuni ya juu imeanza kurudisha rangi. Chumba cha Bilele kina mpangaji. Mavuno yanaanza mwezi ujao, na Verdiana amenionyesha matawi, ananihesabia vishada kwa kidole kama mtoto anayejifunza namba. Anasema yatakuwa magunia mawili. Yakiwa mawili, ataondoka, hata kama hajui anakwenda kulala wapi. Yakiwa moja na nusu, atabaki.